Miti Shamba ya Kariakoo na Maradhi ya Virusi

Mwanachama ashukaye botini Dar es Salaam, akapita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, hatembei sana kabla hajakutana na wauza dawa za miti shamba. Wako waliotandika bidhaa zao chini, wako wenye meza, na wako Wamasai watembeao na mizizi mkononi wakimwamkia kila apitaye. Hapo huuzwa magome, mizizi iliyofungwa vitita, unga wa mlonge, majani makavu ya mwarobaini na mkaratusi, habasoda, mvuje na shubiri. Na katikati ya hayo yote mtu wa kisiwani huona kitu alichokulia nacho, yaani karafuu.

Karafuu hiyo, ambayo sisi tumezoea kuipima kwa pishi na kwa gunia, pale hupimwa kwa kijiko. Hutiwa katika pakiti ndogo, na juu ya pakiti hubandikwa karatasi yenye maneno. Pakiti niliyoinunua mimi iliandikwa kwamba yaondoa mafua, homa ya ini, mkanda wa jeshi na "virusi vyote vya mwilini". Nilimwuliza muuzaji, kijana mpole mwenye adabu, kama ana hakika na maneno hayo. Akanijibu, "Mzee wangu, hii hata Korona iliikimbia."

Baadhi ya wanachama wametuuliza habari hii, nao wameuliza kwa njia mbili. Wako wasemao: ikiwa karafuu yaua virusi kweli, mbona sisi twaiuza kama kiungo tu? Na wako wasemao: ikiwa ni uongo, mbona watu waliosoma wasema kwamba wataalamu wamekwisha kulithibitisha jambo hilo? Maswali yote mawili ni mazuri, na somo la safari hii ni kuyajibu. Tena si swali la maneno matupu. Yuko jamaa wa kisiwa chetu, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Gerezani, ambaye aliacha dawa za hospitali za kupunguza makali ya ukimwi akashika chupa ya mizizi kwa miezi mitano. Aliporudishwa kwao hakuweza kusimama. Alirudi katika dawa zake, na leo yu hai, lakini nguvu zake za kwanza hazikurudi zote.

KIRUSI NI KITU GANI?

Sisi kwa mazoea huita kila kiletacho ugonjwa "kijidudu", lakini vijidudu si wa namna moja. Malaria huletwa na mdudu mdogo sana aingizwaye mwilini na mbu. Kipindupindu na kifua kikuu huletwa na bakteria, ambao ni viumbe wadogo walao na kuzaana wenyewe. Kirusi ni mdogo kuliko bakteria, nacho hakili wala hakizai peke yake. Sharti kiingie ndani ya chembe hai ya mwili wa mtu. Kikiisha kuingia, mfano wake ni mtu aingiaye kiwanda cha watu akawalazimisha wafanyakazi waache kazi ya mwenye kiwanda wamfanyie yake. Chembe ile hutengeneza virusi vingine kwa mamia, navyo hutoka kwenda kuingia chembe nyingine.

Kwa sababu hiyo dawa ya virusi ni ngumu kupatikana. Bakteria twaweza kumpiga akiwa peke yake. Kirusi kimejificha ndani ya kiwanda chetu, na ukivunja kiwanda umemwumiza mwenye mwili. Ndiyo maana daktari mwenye hekima hampi mgonjwa wa mafua vidonge vya kuua bakteria, maana havimgusi kirusi hata kidogo.

Maradhi ya virusi twayajua sana, ingawa hatukuwa tukiyaita hivyo. Surua, tetekuwanga, mkanda wa jeshi, kichaa cha mbwa, homa ya ini aina ya B, ukimwi, yote ni ya virusi. Kidingapopo ni ugonjwa wa virusi, na jina lake lina historia hapa kwetu. Daktari James Christie, aliyekuwa akikaa Unguja homa ile ilipoenea mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka ilipopita mara ya kwanza, mnamo mwaka 1823. Wako wataalamu wanaoona kwamba jina litumiwalo leo duniani kote, denge, lilitokana na neno hilo la Kiswahili. Chikungunya nayo ilitambuliwa mara ya kwanza upande wa Newala mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, maana yake ni kujikunja kwa maumivu. Dar es Salaam ilipatwa na kidingapopo kwa nguvu mwaka 2014, na tena mwaka 2019.

Hata Kariakoo yenyewe yaingia katika habari hii. Jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao kambi yao ilikuwa mahali hapo. Vita vilipokuwa vikimalizika, mwaka 1918, homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia ilifika Afrika Mashariki ikaua watu wengi. Madaktari wa wakati ule hawakujua wanapigana na nini, kwani kirusi cha mafua ya binadamu hakikutambuliwa mpaka mwaka 1933.

Kabla hatujaendelea, liko jambo moja ambalo msomaji alishike vizuri, maana ndilo liwadanganyalo wauzaji na wanunuzi pamoja. Maradhi mengi ya virusi huisha yenyewe. Mafua hukaa siku chache, kidingapopo kwa wengi huisha ndani ya juma moja au zaidi kidogo, na malengelenge ya mkanda wa jeshi hukauka baada ya majuma mawili mpaka manne. Mwili wenyewe ndio upiganao. Basi mtu akinywa majani yoyote siku ya tano ya homa, akaamka siku ya saba mzima, atasimulia mtaa mzima habari za majani yale. Hasemi uongo, kwani kweli alikunywa na kweli alipona. Ila hajui kama angalipona vilevile kwa kunywa uji.

NJIA YA KUPIMA MTI

Kutoka Kariakoo mpaka Muhimbili si mbali. Huko iko Taasisi ya Tiba Asili, ambayo ilianza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na mwaka 1991 ikafanywa taasisi kamili. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wataalamu wa hapo hawawadharau waganga. Huwaendea na kuwauliza. Lakini hawachukui mzizi mtupu kama uuzwavyo sokoni. Huchukua tawi lenye jani na ua au tunda, ili mti ujulikane kwa hakika, maana jina moja la Kiswahili laweza kuwa la miti mitatu, na mti mmoja ukawa na majina manne kutoka Tanga mpaka Mtwara. Mzizi ukiisha kukatwa na kukaushwa, hata mjuzi hubahatisha.

Mwaka 2008, kwa mfano, wataalamu wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima miti ya dawa kutoka wilaya ya Bunda, mkoa wa Mara. Waliipima dhidi ya bakteria, ukungu na virusi, na baadhi ya miti ilionyesha nguvu juu ya virusi.

Sasa maneno hayo, "ilionyesha nguvu juu ya virusi", maana yake nini? Hapa ndipo penye fundo la somo letu.

Mtaalamu huweka chembe hai katika kisahani ndani ya maabara. Huzitia virusi, kisha hutia maji ya dawa ya mti. Akiona chembe zimesalia hai, na virusi havikuongezeka, huandika kwamba mti una nguvu. Lakini sharti kwanza apime kama dawa yenyewe haiziui chembe. Sabuni ya kufulia huvunja virusi vingi katika kisahani, na vivyo hivyo siki kali, wala hakuna amshaurie mgonjwa kunywa sabuni. Kisha liko swali la kiasi. Dawa iliyotiwa kisahanini imegusa chembe moja kwa moja. Dawa iliyonywewa hupita tumboni, hupita katika ini, huchanganyika na lita kadhaa za damu, na pengine ifikapo mahali palipo na kirusi haibaki ila alama tu.

Mti ukishinda kisahanini, hupewa panya wadogo wa maabara. Ukishinda huko, hupewa watu wazima wenye afya ili ijulikane kama una madhara. Mwisho hupewa wagonjwa, nao hugawanywa mafungu mawili: fungu moja hupata dawa, jingine hupata kitu kifananacho nayo kisicho na dawa au hupata dawa ya zamani, na mgonjwa hajui yumo fungu gani. Hapo ndipo ijulikanapo kama watu walipona kwa dawa au kwa siku zao. Miti mingi sana imeshinda kisahanini. Michache imefika kwa panya. Iliyovuka mpaka mwisho ni michache mno.

KARAFUU IKO WAPI KATIKA NJIA HIYO?

Twaja sasa kwa karafuu yetu, na habari hii mwanachama ana haki ya kuifurahia.

Wataalamu wa Japani walipima dawa nyingi za asili za nchi za mashariki dhidi ya kirusi cha hepesi, kile kiletacho malengelenge ya midomoni na mahali pa siri. Miongoni mwa dawa chache zilizowapendeza ilikuwamo karafuu. Mwaka 1995 walitangaza kwamba panya waliopewa mchemsho wake pamoja na asikloviri, ambayo ni dawa ya hospitali ya ugonjwa huo, waliendelea vizuri kuliko waliopewa asikloviri peke yake. Mwaka 1998 wakatangaza kwamba wamekipata kile kitu chenyewe ndani ya karafuu kizuiacho kirusi, nacho huitwa eujenini. Kazi yake ni kukizuia kirusi kisinakili asili yake kinapokuwa ndani ya chembe. Tena kilizuia hata hepesi sugu, ambayo asikloviri ilikuwa imeishindwa.

Basi wasemao kwamba jambo limethibitishwa wana kitu mkononi. Lakini limethibitishwa katika kisahani na kwa panya, na kwa kirusi cha hepesi. Halikuthibitishwa kwa wagonjwa, wala kwa homa ya ini, wala kwa ukimwi. Miaka imepita zaidi ya 25 tangu 1998, na hakuna dawa ya virusi itokanayo na karafuu iliyofika katika maduka ya dawa.

Liko na jambo jingine ambalo sisi wakulima twapaswa kulijua kuliko wote. Eujenini haimo katika mafuta ya karafuu. Mafuta yale yanayopatikana kwa kuvukizwa, kama yafanywavyo makonyo katika kiwanda cha Wawi kule Pemba, sehemu yake kubwa ni eujenoli. Majina yakaribiana, lakini vitu ni viwili mbalimbali. Eujenoli ndiyo itoayo harufu na ukali, ndiyo igandishayo jino liumalo, na madaktari wa meno huitumia mpaka leo. Eujenini haina harufu wala haipandi na mvuke. Ni katika jamii ya vile vitu viletavyo ukakasi mdomoni, kama ukakasi wa bibo au wa chai iliyokolea, na hubaki katika maji ya mchemsho. Basi amwambiaye mtu kwamba wataalamu wa Japani wamethibitisha mafuta ya karafuu, ama hakusoma vizuri, ama anauza mafuta.

Nayo mafuta si kitu cha kuchezea. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mafuta ya karafuu kiasi cha mililita 5 mpaka 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alipoteza fahamu, akapatwa na kifafa, damu yake ikakataa kuganda na ini likaumia. Aliokolewa kwa shida kubwa. Katika nyumba zetu chupa hiyo aghalabu hukaa dirishani.

KIKOMBE CHA SAMUNGE

Wako watakaosema: hizo ni habari za panya wa Japani, sisi tumeona kwa macho yetu watu wakipona kwa miti. Basi natutazame jambo lililoonwa na nchi nzima.

Mwanzoni mwa mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Alisema Mungu amemwonyesha, na kwamba kikombe kimoja chatosha kwa ukimwi, kisukari, saratani na mengineyo. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi katika barabara ya vumbi. Watu walikwenda kutoka Dar es Salaam, Nairobi na mbali zaidi, na kutoka visiwani pia. Wako waliofia njiani, kwa kuwa walikuwa wametolewa vitandani hospitali. Na wako waliorudi makwao wakaacha dawa zao, wakidhani wamekwisha kupona.

Mti ule huko huitwa mugariga. Pwani twaujua mti wa jamii hiyohiyo kwa jina la mtandamboo, wenye miiba na matunda madogo meusi wayalayo watoto. Ajabu ni kwamba mti huo si mti mtupu. Miaka mitano kabla ya kikombe, mwaka 2006, wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba maji ya mizizi yake yazuia kirusi cha hepesi katika maabara, na kwamba panya waliopewa walichelewa kuugua na kufa. Yaani mugariga ulisimama mahali palepale iliposimama karafuu. Lakini hepesi si ukimwi, na ukimwi si kisukari, na kikombe kimoja si kipimo. Mzee Mwasapile alifariki Julai 2021. Dawa za ukimwi, ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, ndizo zilizowaweka hai wale waliokunywa kikombe na wale wasiokunywa.

Kisha ukaja mwaka 2020. Korona ilipoingia, bei ya malimao na tangawizi ilipanda katika masoko ya Dar es Salaam, na watu wakapiga nyungu za mwarobaini, mkaratusi na mchaichai. Mwezi Mei serikali ilimtuma waziri Madagascar kuchukua dawa iliyotengenezwa huko kwa mti wa artemisia. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nayo ikatengeneza NIMRCAF, ambayo ndani yake mna tangawizi, kitunguu saumu, malimao na pilipili. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba lakaribisha dawa za asili za Afrika, ila zipimwe kwa mizani ileile ipimwayo dawa nyingine. Wengi walikasirika kwa neno hilo, wakaona kama Mwafrika anadharauliwa. Mimi naona kinyume. Anayekataa kupima dawa yako ndiye akudharauye. Anayeitaka mezani ameichukua kuwa ni dawa.

Ama nyungu, haina ubaya kwa kufungua pua, na wazee wetu waliijua. Lakini mvuke hauendi ndani ya chembe kukitafuta kirusi, na sufuria ya maji ya moto karibu na mtoto ni hatari iliyo wazi. Chanjo ya Korona ilianza kutolewa nchini Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa mbele ya watu, Ikulu ya Dar es Salaam.

MMEA ULIOVUKA, NA MTI ULIOKATWA

Je, hakuna mmea uliofika mwisho wa njia? Uko, tena ni mmea wa mkulima mwenzetu. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilikubali dawa itokanayo na majani ya chai ya kijani kuwa dawa ya cheti cha daktari, ya kwanza ya namna yake iliyo mchanganyiko wa vitu vya mmea mmoja. Hutibu vinundu vya sehemu za siri viletwavyo na kirusi. Mchai ni uleule upandwao Mufindi na Rungwe. Lakini msomaji aangalie: dawa hiyo ni ya kupaka, si ya kunywa, na kiasi cha vitu vilivyomo hupimwa sawasawa katika kila mrija. Mtu akinywa birika zima la chai hapati dawa hiyo. Na vile vitu vifanyavyo kazi ndani yake ni jamaa za karibu za eujenini, yaani ni vitu vya ukakasi. Kwa hiyo mimi sikati tamaa kwa karafuu. Kitu kipakwacho juu ya ngozi hakipitii tumboni wala katika ini, na hepesi ni ugonjwa wa ngozi.

Uko na mti mwingine wa kwetu ambao haufikiriwi kabisa. Mtondoo, usimamao pwani zetu na kutoa mbegu za mafuta, una vitu ndani yake vinavyozuia kirusi cha ukimwi kisinakili asili yake katika maabara. Vilitangazwa mwaka 1993, na jinsi vilivyogunduliwa ni kichekesho. Wataalamu walivipata kwanza ndani ya konokono mkubwa wa Afrika, yule yule alaye mboga zetu wakati wa masika. Walipochunguza wakaona asili yake si konokono bali ni majani ya mtondoo aliyoyala. Mpaka leo ni habari ya kisahani, haijawa dawa.

Ndugu yake mtondoo, mti wa msituni Sarawak katika Malaysia, ulichukuliwa matawi mwaka 1987, na kitu kilichomo kikaonekana kina nguvu juu ya ukimwi. Wataalamu waliporudi miaka michache baadaye kutafuta zaidi, mti ule ulikuwa umekwisha kukatwa. Ikawabidi watafute miti mingine ya jamii hiyo, na hata walipoipata haikuwa na kitu kile kwa kiasi kilekile. Mwanachama anayeng'oa miti ya kando ya shamba ili apate kuni afikiri habari hiyo. Na wachimba mizizi wa Kariakoo pia, ambao kila mwaka huenda mbali zaidi kuitafuta, kwa sababu mti uliong'olewa mizizi hauzai mwingine.

Habari ya faida nayo isisahauliwe. Katika visiwa vya Samoa waganga wanawake walikuwa wakitibu homa ya ini kwa gome la mti waitao mamala. Ndani yake kikapatikana kitu kinachovifukuza virusi vya ukimwi kutoka mahali vinapojificha mwilini. Mwaka 2001, kabla dawa haijapatikana, ulitiwa sahihi mkataba kwamba sehemu 20 katika 100 za faida zirudi Samoa. Dawa yenyewe bado haijafika sokoni, lakini mkataba upo. Sisi, akija mtu na mkoba wake kuuliza babu zetu walitumia nini, aghalabu tunampa maneno yote kwa kikombe cha kahawa.

MAMBO YA KUANGALIA SOKONI

Mwanachama aendaye Kariakoo kununua dawa hakatazwi. Bara iko Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake husajili waganga na dawa. Basi aulize kama dawa imesajiliwa, na nani aliyeitengeneza. Aulize jina la mti, si jina la ugonjwa tu. Dawa isemwayo kuwa yatibu maradhi kumi yasiyo na asili moja, aiache hapohapo mezani.

Anayetumia dawa za ukimwi, kifua kikuu, kisukari au shinikizo la damu amwambie daktari kila kitu anachokunywa, wala asione haya. Si kwamba daktari atamkemea tu. Miti ina nguvu, na nguvu hiyo huweza kugombana na dawa. Wataalamu wa Marekani walitangaza mwaka 2002 kwamba watu waliokula vidonge vya kitunguu saumu kwa majuma matatu, kiasi cha dawa moja ya ukimwi, sakinaviri, kilipungua katika damu yao karibu nusu. Dawa hiyo siku hizi haitumiki sana, lakini funzo lake ni lilelile kwa dawa nyingine. Kitunguu cha mchuzini si kitu. Unga wa kitunguu kila asubuhi na jioni ni habari nyingine.

Ama kuhusu karafuu, iko njia rahisi ya kuipima ambayo kila mwanachama aijua au yampasa aijue. Chukua karafuu kumi, uzitie katika glasi ya maji. Karafuu nzima, yenye mafuta yake, huzama au husimama wima, kichwa juu. Karafuu iliyokwisha kuvukizwa na kutolewa mafuta hulala ubavu juu ya maji kama kijiti.

Ile pakiti yangu niliifungua katika mkahawa wa chai, karibu na pale nilipoinunua. Nikaomba glasi ya maji nikatia karafuu kumi. Saba zililala. Nilirudi na glasi mkononi nikamwonyesha yule kijana, maana sikuona kwamba yeye ndiye aliyenidanganya; naye aliuziwa hivyo na mwenye gunia. Aliitazama glasi kwa muda, akazisukuma kwa kidole zizame, nazo zikarudi juu. Kisha akaniuliza, taratibu ili jirani yake wa meza ya pili asisikie, karafuu nzima yapatikana kwa nani.